Meza ya Watu Watano na Mgeni

"Mimi sina njaa," alisema Konrad.

"Kuna mtu kakuuliza kama una njaa?" dada yake alimjibu. "Saa nne na nusu hii. Kula."

Ndivyo Lidia Wrobel alivyoilisha familia yake asubuhi ya mkesha wa Krismasi, katikati ya bustani ya burudani pale Orlando, watu wengine wakiwa bado wanatafuta pa kuegesha magari. Supu ilikuwa mezani, mikate ilikuwa mezani, na meza za jirani zilikuwa tupu. Ikifika saa sita hapohapo patakuwa na foleni ya kutoka mlangoni hadi kwenye farasi wa kuzunguka, watoto wanalia, baba zao wamebeba masinia na hawana pa kuketi. Lidia hakuzaliwa ili abebe sinia bila pa kuketi. Nafasi zote za wiki alikuwa ameziweka siku sitini kabla, saa kumi na mbili alfajiri, simu mkononi na macho yamemvimba, maana wiki ya Krismasi ukichelewa dakika tano umebaki na mikahawa ya kuuza viazi vya kukaanga.

Mpango mzima ulikaa kwenye karatasi moja yenye rangi nne, ambayo aliipeleka dukani kule Milwaukee ikavalishwa plastiki isilowe. Kaka yake aliiita Katiba.

"Katiba inasemaje kuhusu kwenda msalani?" Konrad aliuliza, mdomo umejaa.

"Kabla ya saa tano. Baada ya hapo usije kunililia."

Mtu aliyeketi kando ya Lidia alicheka. Emmett Gaines alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, bila sauti, mabega yakapanda na kushuka kama gari bovu linalowashwa. Alikuwa fundi wa friza za maduka makubwa, mwenye mikono mipana iliyojaa makovu ya barafu na bati, na Lidia alikuwa akiitazama ile mikono ikivunja mkate akasahau kabisa alikuwa anamgombeza nani.

"Unanitazama," Emmett alimnong'oneza.

"Natazama mkate."

"Basi mkate una bahati."

"Nyie wawili," sauti ilitoka upande wa pili wa meza, "supu inapoa."

Huyo alikuwa Mama Jadwiga. Mwanamke wa miaka sabini na moja, mdogo wa umbo, mkoba mapajani, macho yasiyopitwa na kitu. Kwa Emmett hakuwahi kuwa mkali. Alikuwa na adabu naye, na ile adabu ndiyo iliyomuumiza Lidia, kwa sababu mama yake watu anaowapenda huwatukana.

Kosa la Emmett lilikuwa moja na halifutiki: alishawahi kuoa, akaachana. "Mtu ameapa mbele ya padri mara moja akashindwa," mama alisema jikoni kwake, akimenya viazi. "Wewe unataka aape tena ili iweje?" Halafu kama hilo halitoshi, katikati ya Oktoba ikaja sikukuu ya jina la mama, yaani ya mtakatifu aliyepewa jina lake, siku ambayo kwa familia ya Wrobel ni kubwa kuliko siku ya kuzaliwa. Emmett aliahidi kuja. Chakula kilimsubiri mpaka kikaganda. Friza za duka zima zilikuwa zimezimika, nyama inachuruzika maji, na yeye alikuwa chini ya sakafu ambako simu haishiki. Lidia hakutaka kusikia habari za nyama. Kesho yake alimwambia, "Basi, Emmett. Basi." Wakakaa wiki tatu hawasemezani.

Wiki tatu tu. Novemba alikuja na theluji mabegani akasimama mlangoni, na Lidia akamfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Lakini zile wiki tatu ndizo zilizoangukia siku za kuweka nafasi za mikahawa.

Basi toka Novemba Lidia alikuwa halali. Aliviziavizia simu kila jioni, mtu huku akighairi yeye anadaka, mpaka akafanikiwa kuongeza kiti kimoja kwenye kila mlo wa wiki. Kila mlo isipokuwa mmoja. Chakula cha leo jioni, mkesha wenyewe, kwenye mkahawa wa samaki wenye madirisha ya kutazama ziwa, kilikataa katukatu.

"Na leo usiku tunakula wapi?" Emmett aliuliza, akinyoosha mkono kuichukua Katiba.

Lidia aliiwahi akaikalia.

"Utaona. Kiti chako kipo, usiwe na wasiwasi."

Alipolisema hilo hakumtazama usoni.

*

Saa kumi na moja na nusu jioni walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya mkahawa wa samaki, miguu imewaka moto. Watu walipita mbele yao bila kwisha, vigari vya watoto, kofia zenye masikio, mabibi waliovaa taa za Krismasi shingoni. Mlangoni palikuwa na dada wa zamu, beji yake imeandikwa Yesenia, akirudia maneno yaleyale kwa kila anayemfikia: "Pole sana, kama hukuweka nafasi, leo hatuwezi. Na waliochelewa tunawasubiri robo saa, zaidi ya hapo meza inakwenda kwa wengine."

Mama Jadwiga alifungua mkoba wake kwa mara ya kumi. Ndani, katikati ya kitabu cha sala, ulikuwamo ule mkate wao wa mkesha, mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao kila mtu humega kipande cha mwenziwe na kumtakia heri kabla ya kula. Ulikuwa haujavunjika. Akafunga mkoba.

"Zosia, nyota vipi?" alimuuliza mjukuu wake.

Zosia, binti wa Konrad, ana miaka minane, na kazi yake kila mkesha ni moja: haliwi kitu mpaka aone nyota ya kwanza.

"Bado, bibi. Kuna ndege tu. Inapepesa taa."

"Ndege si nyota."

"Najua."

Emmett alikuwa amekwenda kuwatafutia maji. Mtoto akachoka na mbingu, akaiona Katiba ikichungulia kwenye begi la shangazi yake, akaivuta na kuanza kusoma kwa sauti, kama wafanyavyo watoto waliojifunza kusoma vizuri mwaka huohuo.

"Mkesha. Saa kumi na mbili kasorobo. Samaki. Watu watano na mgeni." Akahesabu kwa vidole. "Bibi, baba, mama, shangazi, mimi. Tano." Akainua uso. "Sasa anko Emmett atakaa wapi?"

"Zosia," alisema Marcy, mama yake, haraka, "hebu tazama nyota."

"Si nimeambiwa ndege si nyota? Mama, atakaa wapi? Kiti cha mgeni hakikaliwi!"

Ni kweli hakikaliwi. Toka huko walikotoka babu zao, mkesha wa Krismasi familia ya Wrobel huweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya mtu asiyetarajiwa, msafiri, yeyote atakayebisha. Marehemu baba, mzee Stach, alipochoka kufukua theluji na kuanza kuwaleta huku kila Krismasi, mama alikubali kwa sharti moja: hata mkahawani, kiti cha mgeni kiwepo. Miaka yote hajabisha mtu. Na Lidia alikuwa amepiga hesabu zake kimyakimya: jioni ikifika, atamsukumia Emmett pale, na mama ataona haya kusema neno mbele ya wahudumu.

Hesabu hiyo alikuwa hajamwambia yeyote. Na sasa Emmett alikuwa amesimama nyuma ya benchi, chupa za maji mikononi.

Aliziweka chini taratibu. Akaichukua karatasi kwa mtoto, kwa upole, akaisoma. Kwenye siku nyingine zote, ile "watano" ilikuwa imekatwa kwa kalamu ikaandikwa sita. Hapa haikukatwa. Pembeni kwa herufi ndogo Lidia alikuwa ameandika, kama anavyoandika kila kitu, tarehe aliyoweka nafasi.

"Tarehe ishirini na tano Oktoba," alisema Emmett.

"Njoo pembeni," Lidia alisema. "Tafadhali."

Wakasogea hadi kwenye mapipa ya taka, maana hapakuwa na pembeni nyingine.

"Ningekwambia," Lidia alianza.

"Lini? Tukishaagiza?"

"Nimejaribu kuongeza kiti, Emmett. Kila siku. Haki ya Mungu, kila siku."

"Sisemi kiti." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Unajua tarehe ishirini na tano Oktoba mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ofisini kwa bosi wangu, nimesimama kama mwanafunzi, naomba likizo ya wiki hii. Wiki ya Krismasi, Lidia! Fundi wa friza! Alinicheka. Nikamwambia nitafanya kazi Sikukuu ya Shukrani, nitafanya mwaka mpya, nipangie zamu zote za watu, nipe hii moja tu."

"Tulikuwa hatusemezani."

"Ndiyo. Tulikuwa hatusemezani. Nikaomba hivyohivyo." Akamrudishia karatasi. "Mimi siku ile nilikuwa naweka nafasi yangu kwako. Wewe ulikuwa unaifuta."

Lidia aliipokea. Mwanamke yule mwenye mpango wa kila dakika, aliyejua hata foleni ya aiskrimu inapungua saa ngapi, alikuwa akiisugua ile tano kwa kidole gumba.

"Nakwenda kutembea kidogo," alisema Emmett. "Nyie kaleni. Mama yako asikae na njaa."

Akaingia katikati ya watu, na kwa urefu wake wote alimezwa mara moja.

*

Lidia aliporudi kwenye benchi walikuwa wote wanamtazama, hata Zosia.

"Shemeji kaenda wapi?" Konrad aliuliza.

"Kutembea."

"Kutembea wapi? Leo hapa mtu hatembei, anasukumwa."

"Konrad, nyamaza," alisema mama. "Lidia, nieleze. Na usinipambie."

Lidia akaeleza. Alisimama mbele ya mama yake, mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, anaeleza huku anafuta pua kwa mkono wa sweta. Habari ya tarehe, habari ya likizo, na habari ya kile kiti alichokuwa anataka kumketisha.

"Kiti cha mgeni," mama alirudia.

"Ndiyo, mama."

"Ulitaka kumpenyeza mtu kwenye kiti cha mgeni ili mimi nione aibu kumtoa."

"Ndiyo, mama."

"Loo! Mimi nimezaa mwanasiasa." Mama Jadwiga alifunga kitufe cha mkoba, *tak*. "Na umegombana naye leo. Kabla ya mkate."

"Mama, samahani, mimi..."

"Mimi siombwi samahani. Mkate haumegwi na mtu mwenye kinyongo, hilo unalijua toka hujaota meno. Nenda kamlete. Sikwambii kwa ajili yake. Nakwambia kwa ajili ya mkate."

"Meza inasubiri robo saa tu."

"Mimi nitakwenda kukaa pale mezani. Nione nani ataninyanyua." Kisha, Lidia alipokuwa ameshageuka, mama akaongeza, "Na usikimbie na hivyo viatu!"

Alikimbia na hivyohivyo viatu.

Bustani ile Krismasi huingia watu kama siafu, na kumtafuta mtu mmoja humo ungehitaji siku mbili. Simu yake ilikuwa imezimwa. Lidia alipita kwenye farasi wa kuzunguka, akapita kwenye mti mkubwa wa taa, akagongana na baba aliyebeba watoto wawili, akaomba radhi huku anakimbia. Kila mwanamume mrefu alikuwa Emmett mpaka akageuka. Alikuwa analia waziwazi na hakujali. Akasimama katikati ya njia, watu wanampita huku na huku, akajiambia: fikiri, mjinga wewe. Huyu unamjua. Huyu akiwa na huzuni huwa anakwenda wapi?

Huenda penye mashine inayonguruma.

Akamkuta nyuma ya daraja, kwenye kigari cha aiskrimu, amechutama, sikio amelitega kwenye bati. Mwuzaji, mama mnene mwenye kofia ya michirizi, alikuwa ameinama naye wanasikiliza wote wawili.

"Hiyo ni feni," Emmett alikuwa anasema. "Inajikwaa. Waambie wakuletee nyingine kabla ya kesho, la sivyo utauza maziwa."

"Toka asubuhi nawaambia!"

"Waambie nimesema mimi."

"Na wewe ni nani, baba?"

"Mimi? Mtu wa kupita tu."

"Si mtu wa kupita," alisema Lidia.

Emmett akainuka. Mkono mmoja alikuwa ameushika nyuma. Mama wa aiskrimu aliwatazama, akaona uso wa Lidia, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kupanga vikombe upande wa pili.

"Niliandika saba," Lidia alisema. Pumzi ilikuwa inamwishia. "Nisikilize kwanza, halafu uende ukitaka. Asubuhi ile nilipofungua simu niliandika saba. Sisi watano, mgeni, na wewe. Ilikuwa imeandikwa kabisa. Nikaitazama ile saba, meza zinaisha, mimi naitazama. Halafu nikaogopa. Nikasema, nikiweka saba asije, nitakaa mkesha mzima mbele ya mama na viti viwili vitupu. Kimoja nimekizoea. Cha pili kingeniua. Nikarudisha sita."

Taa za daraja zilikuwa zimewashwa, na nusu ya uso wa Emmett ilikuwa nyekundu, nusu kijani, na macho yake yalimtazama Lidia vilevile kama asubuhi, kwenye supu.

"Ningekuja," alisema.

"Sasa najua."

"Ningekuja hata kwa miguu, Lidia. Toka Milwaukee. Unajua ni mbali kiasi gani?"

"Na hivyo viatu vyako?"

Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Lidia akauona ule mtikisiko, akashindwa kujizuia, akamwendea na kumwegemea kifuani, na Emmett akamzungushia mkono mmoja. Mmoja tu.

"Huo mwingine una nini?" aliuliza kifuani humohumo.

"Hakuna kitu."

"Emmett."

Akautoa. Ulikuwa umeshika paja la bata mzinga, lile kubwa la kuchoma wanalouza bustanini, limefungwa karatasi, mafuta yanang'aa. Zima. Halijaguswa.

"Nilikasirika," alisema kwa aibu. "Nikasema, na mimi nitajipangia chakula changu. Nikapanga foleni dakika kumi. Nikalifikisha hapa mdomoni..." Akalitazama paja kama vile ndilo lenye makosa. "Nikakumbuka mama yako hali nyama mkesha."

"Mama hakuwepo hapa."

"Najua hakuwepo. Ningefanyaje sasa? Halikuingia."

Lidia alimtazama. Akasema moyoni, huyu nitaolewa naye hata kama padri atatufungia mlango, hata kama tutafungishwa ndoa na mwuza aiskrimu. Akamshika mkono, ule wa mafuta, akaanza kumkokota.

*

Meza yao ilikuwa ileile ya miaka yote, dirishani, ziwa limejaa taa. Ilikuwa imeshatimia saa kumi na mbili, na Yesenia alikuwa amemsimamia Mama Jadwiga, na Mama Jadwiga amekaa mkoba mapajani kama gogo la mpingo. Konrad, Marcy na Zosia walikuwa wameketi naye. Viti viwili vilikuwa vitupu: cha Lidia, na kile kingine.

"Hawa hapa!" Zosia alipiga kelele. "Na nyota nimeshaiona! Mbili!"

Emmett alisimama kando ya meza. Hakuvuta kiti.

"Mama," alisema, "nimekuja kuwatakia heri tu. Sitaki kuvuruga meza. Nitakula nje, nitawasubiri."

"Una nini mkononi?"

"Ni... hakuna kitu, mama."

"Lete hapa."

Akaliweka mezani. Paja lilikuwa kubwa kuliko sahani. Mama Jadwiga akavaa miwani, akafunua karatasi, akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, kama anayekagua noti.

"Hukuliuma."

"Hapana."

"Lina ubaya gani?"

"Halina ubaya, mama. Leo si siku yake."

Mama alivua miwani. Akamtazama yule mtu mrefu, mwenye sweta lililopindika kola na mafuta ya bata vidoleni, na Lidia akaona kidevu cha mama yake kikicheza, kitu ambacho hakukiona toka siku ya mazishi ya baba.

"Umefika lini hapa Orlando?" mama aliuliza.

"Juzi, mama."

"Juzi, jana, leo. Siku tatu. Basi hapo," akakionyesha kile kiti kitupu, "huwezi kukaa."

"Mama, jamani!" Konrad aliruka.

Lidia alihisi mkono wa Emmett ukilegea ndani ya mkono wake. Akaukaza.

"Sijamaliza," alisema mama. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu hii. Si mgeni huyu, na kile ni kiti cha mgeni. Binti," akamgeukia Yesenia, "nataka meza ya watu saba."

Yesenia akahesabu kwa macho. "Lakini bibi, mko sita."

"Sita na mgeni."

"Bibi yangu, hapa dirishani haviingii viti saba, sheria hairuhusu. Iliyobaki ni moja ya watu wanane, kule mlangoni mwa jikoni. Hata hatuiwekei nafasi, watu hawaitaki. Wahudumu wanapita na masinia juu ya vichwa, joto, kelele..."

"Tunaitaka."

"Mama," Konrad alisema, sauti imeshuka, "hii ni meza ya baba. Miaka kumi na minne tumekaa hapa. Baba alikuwa anapenda dirisha."

Mama Jadwiga alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Baba yenu hakulitazama hilo dirisha hata siku moja," alisema. "Alikuwa ananitazama mimi. Nyie mlikuwa mnatazama taa, mngejuaje? Beba hilo paja, Emmett. Tutalila kesho asubuhi. Marcy, mshike mtoto. Twende."

Wakahama. Meza ya jikoni ilikuwa mbaya kama ilivyosemwa: mlango unapiga, masufuria yanalia, mvuke wa samaki unawapiga usoni. Viti vinane vikaizunguka, Yesenia akaondoa kimoja, vikabaki saba. Emmett alisimama akisubiri aonyeshwe, na mama akapigapiga kiti kilicho mkono wake wa kulia kwa kiganja.

"Kaa. Na usiniegemee na hayo mafuta."

Lidia akaketi upande wake wa pili. Chini ya meza goti likakuta goti. Mama aliliona, kama anavyoona kila kitu, akakohoa kidogo, akafungua kitabu cha sala na kuutoa mkate. Wa kwanza kumegewa hakuwa Konrad wala Lidia. Aliunyoosha kwa Emmett, na Emmett, fundi wa mikono mipana, akamega kipande kidogo mno.

"Nakutakia afya," mama alimwambia. "Na friza zisizoharibika sikukuu ya jina langu."

"Amina," alisema Emmett.

"Lidia. Lete hiyo Katiba yako."

Lidia akampa. Mama akachakura mkobani, akatoa kalamu ya nyusi, akainamia ile karatasi ya plastiki na kutafuta kwa kidole mpaka akaupata mstari wa mkesha. Akaikata ile tano. Juu yake, kwa mwandiko wake mkubwa wa kuinama, akaandika sita. Penye "na mgeni" hakupagusa.

"Na mwakani," alisema, akipuliza chembe za kalamu, "ukifika kwenye idadi usiogope. Andika watu wako wote. Asiyekuja, nitamfuata mwenyewe."